Jina la Rachid Kwenye Pakiti

Kampala, 14 Aprili 2025
Mwaka wa ishirini na tatu tangu lava ifunike nyumba yetu ya Mapendo, Goma

Dada yangu mpendwa Asumini, Mama Rachid,

Nakusalimu wewe na binti yako Sumaya anayekutunza huko Kindu. Je, miguu imepungua kuvimba? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu.

Umeniambia kwamba Idi imepita na sasa unatafuta njia ya kurudi Goma kumchukua Rachid. Naomba usisafiri. Nisome mpaka mwisho, Sumaya akiwa kando yako.

Unaijua kazi niliyomfundisha mwanao. Tunafunga programu katika pakiti ili mtu aiweke kwenye kompyuta yake bila taabu, na kila pakiti lazima itaje programu nyingine inazozitegemea. Ikikosekana moja, haifanyi kazi. Mimi nilizoea kuisoma programu yote kwa macho, kisha kuandika vitegemezi kwa mkono. Rachid alinicheka: “Mujomba, hiyo ni ya wakati wa Zaïre! Mashini itasoma yenyewe, haichokake.” Nilimjibu kwamba mashine huona kilichoungwa ndani ya programu, lakini haioni kile ambacho programu itakiita ikishafunguliwa. Tulibishana sana, mwishowe akakubali, au nilidhani amekubali, kwa heshima ya mjomba.

Waasi walipouteka mji wa Goma mwezi wa kwanza, simu yake ilikatika. Lakini pakiti ziliendelea kufika, kila moja na jina la aliyeifunga, kama ilivyo desturi yetu. Ndipo nikakupigia kwa furaha kwamba yu hai, kwamba pale mtaani kwake Himbi amepata umeme na anafanya kazi. Ulipiga vigelegele, ukasema mtoto huyo ni mkaidi kama babu yake, hata vita havimwondoi kwenye kiti.

Juma lililopita ilifika pakiti ya toleo jipya la kamusi yetu ya Kiswahili. Vitegemezi vyote vilitajwa isipokuwa faili za maneno, ambazo kamusi huziita inapofunguliwa. Rachid hakuwahi kuzisahau. Ni yeye aliyezikusanya. Nikaingia kwenye seva, ile kompyuta tunayoikodi Ulaya. Huko nikaikuta mashine yake, programu aliyoijenga bila kuniambia: inasoma, inaandika vitegemezi, inatia jina lake, inatuma. Haingoji mtu.

Nikampigia Mushagalusa, yule dereva jirani yake, aliyerudi Himbi majuzi baada ya kukimbia. Akauliza, “Muzee, kumbe hawakukuambia?” Siku mji ulipotekwa, risasi ilimkuta Rachid kwenye lango lake. Waumini wa msikiti walimwosha, wakamswalia, wakamzika pamoja na wengine. Namba zetu hawakuwa nazo.

Dada, mwanao amefariki. Mimi nilikuwa nikikuletea habari za mashine.

Pakiti zingali zinafika. Asubuhi hii nilikaa niizime mashine yake, nikashindwa.

Mkumbatie Sumaya kwa niaba yangu, naye akukumbatie. Nitakuja Kindu tusome hitima pamoja. Goma sitarudi.

Kaka yako,
Twahiru