Kadna Mbili ku Mulango wa Mbwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Bukavu, tarehe 14 Septemba 2023
Jina: Nsimire Eulalie
Umri: myaka 47
Kazi: mushonaji wa nguo
Makao: Kadutu

Niko memba wa kimbilio la mbwa la kule Panzi tangu muzee Emile alipolianzisha. Yule muzee alikuwa anaokota mbwa barabarani, wenye kugongwa na wenye kufukuzwa, anawaponya. Watu walimucheka sana, eti watu wenyewe wanakosa chakula, yeye analisha mbwa. Alikufa Pasaka ya mwaka huu. Tangu pale tuko na maprezida wawili.

Wa kwanza ni Papa Adalbert, alikuwa makamu. Anasema statut, ile sheria ya chama, inamupa kiti. Wa pili ni Maman Pascaline, alikuwa sekretere. Anasema tulimuchagua mu mukutano. Ni kweli tulimuchagua, lakini nusu ya watu walikuwa wamesha kutoka na hasira. Kila mumoja iko na komite yake na kashe yake ya kupiga muhuri. Kwetu ni hivyo: chama inagawanyika, kanisa inagawanyika, hata kwaya. Mimi nilisema, bon, wapiganie kiti, mbwa watakula tu.

Mwisho wa mwezi wa nane dada yangu mukubwa alikufa kule Walungu. Nilienda kilio. Mbwa yangu, Bijou, nilimuacha Panzi mu chumba cha waya, juu nyumbani sina mutu wa kumuchunga. Papa Gaston, zamu mwenye kulinda pale, aliniambia: "Maman Eulalie, uende bila mashaka."

Nilirudi siku ya posho, Jumamosi tarehe 9. Nilikuta portail, ule mulango mukubwa wa inje, imefungwa na munyororo, na ku munyororo kadna mbili, kufuli kubwa kubwa. Papa Gaston alikuwa amekaa inje, ngambo ya barabara. Akanielezea. Papa Adalbert alifunga wa kwanza, ili Maman Pascaline asifanye mukutano mule ndani. Kesho yake Maman Pascaline akaongeza kadna yake, ili Papa Adalbert asiingie peke yake. Gaston, wote wawili walimufukuza, kila mumoja anasema ni mutu wa mwenzake. Maskini alikuwa anarusha bugali na samaki sambaza juu ya ukuta. Lakini chakula kilianguka katikati ya kiwanja ya lupango, na mbwa walikuwa wamefungiwa mu vyumba. Walikuwa wanakiona tu. Nilisikia Bijou analia, sauti yake naijua.

Nilikimbia kwa Papa Adalbert, kule Nguba. Alinikaribisha vizuri, hata chai alinipa. Nikasema: "Papa, mbwa wanakufa." Akajibu: "Maman, hata mimi inaniumiza. Lakini mimi wa kwanza nikitoa kadna yangu, ni kusema ninamutambua kama prezida." Nikapanda moto, ile pikipiki ya taxi, mpaka kwa Maman Pascaline, kule Muhungu. Yeye alilia. Alilia kweli, machozi niliyaona. Kisha akasema: "Atoe yake, na mimi natoa yangu palepale." Nikamwambia: muende pamoja, mutoe pamoja, mimi nitasimama katikati yenu. Akasema akionekana na yule mutu mbele ya portail, watu watasema ameshindwa. Mungu wangu! Mimi mama muzima nilipiga magoti kwa ajili ya mbwa, na bado nikakosa.

Nilikuja hata hapa kituoni. Muliniambia ni mambo ya chama, iko mu tribunal, mahakamani, polisi hawawezi kuigusa. Uandike na hiyo, afande.

Tarehe 12 asubuhi nilifika tena ku portail. Ndani kulikuwa kumenyamaza. Ni pale nilienda kuita fundi wa vyuma, akakata munyororo. Jina yake sitasema. Ni mimi nilimuita, muniandike mimi. Mbwa karibu wote walikuwa wamekufa. Bijou alikuwa ameuma waya mpaka meno yamevunjika. Mwili wake ulikuwa ungali na joto. Ningeita yule fundi jana yake, ningemukuta muzima. Watatu tu walikuwa wazima, lakini hawawezi kusimama. Papa Gaston alianza kuwapa maji na kijiko.

Maprezida walifika wote wawili, kila mumoja na watu wake. Waliangalia munyororo. Mu vyumba hawakuingia. Maman Pascaline akaazima bic ya kuandikia kwa Papa Adalbert, wakaandika plainte moja, sahihi mbili, ya kumushitaki mwenye kukata munyororo. Ni ile iko pale juu ya meza yako. Tangu Pasaka tunawaomba waweke sahihi pamoja, wanakataa. Niko na hasira, afande, na nimechoka.

Hayo ndiyo niliyoona na niliyofanya. Sina lingine.

(Sahihi) Nsimire Eulalie

Maoni ya OPJ (afisa wa polisi ya mahakama): Shahidi amesomewa maelezo yake kwa Kiswahili, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Ameomba ufunguo ili awapelekee chakula mbwa watatu waliobaki humo ndani. Nimemjulisha kwamba tangu jana, kwa ombi la pande zote mbili, lango limefungwa kwa kufuli ya polisi. Ufunguo uko kwa kamanda, ambaye yuko safarini Kamituga na anangojewa juma lijalo.

(Sahihi) OPJ Modeste Bahizire