Babu Yuko Golini

Jumatatu, 4 Agosti
Maji yametoka mapema. Nimejaza madumu yote na ile ndoo ya rangi. Nyemo kaamka analilia ziwa, nimempa, kalala tena. Upepo wa leo unachoma masikio.

Sasa hili la gemu. Baba Nyemo kaja nalo jana. Huko saiti Ihumwa, anakopaka rangi, mafundi wote wanacheza. Ukimwalika mtu mpya unapewa zawadi humohumo kwenye gemu. Kakosa wa kumwalika, kaniandikisha mimi mkewe. Zawadi kachukua yeye. Mimi nimebaki na timu.

Ni mpira wa magongo, unachezwa juu ya barafu. Barafu yenyewe mimi naijua ya kwenye friji la jirani. Huchezi kwa vidole. Wewe ni kocha. Unapanga nani aanze, nani afanye mazoezi, nani apumzike, halafu unaacha. Mechi inajicheza yenyewe mchana, ukirudi unakuta matokeo. Hapo nimepapenda. Mtu mwenye mtoto anaweza.

Timu nimeiita Zabibu.

Jumanne, 5 Agosti
Wachezaji wamekuja na majina ya kigeni, mengine ni herufi tupu, hakuna hata pa kupumulia. Kuna mahali pa kuyabadilisha, bure mara moja tu. Nimekaa kwenye kigoda, Nyemo mgongoni, nimebadilisha wachache. Mshambuliaji mmoja nimemwita Baba Nyemo. Beki mnene nimemwita Mama Hadija, jirani yangu wa chumba cha pili, mtu wa Kondoa, mdomo wake unafukuza hata mbwa.

Kwa kipa nikafikiri, nani analinda mlango wa ukoo huu? Baba mkwe. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe, hata kuliandika naona vibaya. Nikaandika Babu. Nimemaliza ndiyo naona umri wake: mzee kuliko timu nzima. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Mechi ya kwanza. Tumefungwa tisa bila.

Jumatano, 6 Agosti
Nimetumia bando kuangalia video ya mchezo wenyewe. Wanateleza. Kinachopigwa si mpira, ni kisahani cheusi kigumu kama kisigino cha kiatu. Uwanjani wanaingia sita pamoja na kipa, wanacheza kidogo tu, wanatoka wote, wanaingia wengine. Kipa peke yake habadilishwi. Anabaki pale pale mechi nzima, kajaa nguo kama godoro.

Ukimfanyia mwenzio ubaya unafungiwa kwenye kibanda cha pembeni dakika mbili. Mama Hadija wa kwenye simu kafungiwa mara tatu leo. Nimemwambia Mama Hadija mwenyewe akiwa anaanika nguo.

"Nimefanya nini?"

"Umempiga mtu gongo la mguu."

"Atakuwa alinianza," kasema, akaendelea kuanika.

Tumefungwa saba moja. Goli moja! Limefungwa na Baba Nyemo. Jioni nimempa nyama kubwa, hajajua kwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti
Babu mwenyewe, si yule wa kwenye gemu, kapiga simu kutoka kijijini kwake Hombolo. Kaongea na mwanawe, mimi nasikia. Nyemo katimiza miaka miwili. Aachishwe ziwa. Jumapili ile ya tarehe kumi na saba anakuja kumchukua.

Nilijua ipo siku. Kwa ukoo wao mtoto wa kwanza akiacha ziwa analelewa kwa babu. Baba Nyemo mwenyewe kalelewa hivyo, anasifu mpaka leo. Ila yeye alilelewa na bibi. Hapa bibi hayupo, tumemzika kabla ya mvua. Babu yuko peke yake na mizabibu yake.

Sitaki. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunijibu. Sitaki Nyemo aende.

Mdomoni nimesema "sawa". Mke wa mtu atasema nini kingine.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Baba Nyemo hana kazi. Kakaa na simu yangu anakagua Zabibu kama afisa.

Kasema shida ni kipa. Kachoka. Kila mchezaji ana mstari wa nguvu, wa Babu umebaki kipande. Benchi yupo kipa mwingine kijana, sikumbadilisha jina, la kwake silitamki, namwita Mgeni. Kaniambia mtoe mzee, weka kijana. Nimeshika simu. Kidole kimekataa.

Nikamwambia, mimi nimwambie baba mkwe kaa pembeni? Hata kama ni kwenye simu?

Kacheka mpaka ugali umempalia. Nimempiga mgongoni. Alipotulia nikasema, "Haya, wewe usiyeogopa, mwambie baba yako Nyemo haendi."

Hakucheka tena. Kaniambia mzee haambiwi hivyo. Akatoka kwenda kutazama bodaboda ya rafiki yake.

Tumefungwa sita bila.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani nimeimba bila kusikia ninachoimba.

Jana nilipaka shubiri kwenye ziwa, kama nilivyoagizwa. Nyemo kaonja. Kanitazama. Hakulia, kanitazama tu, kama mtu uliyemfungia mlango. Nimekwenda kuoga, nimejisugua, nimempa. Baba Nyemo akiuliza nasema bado anasumbua. Ni uongo. Mimi ndiye ninayesumbua. Ilimradi ananyonya ni wangu.

Zabibu tuko mwisho kabisa wa ligi. Chini yetu hakuna mtu.

Jumatatu, 11 Agosti
Tumefungwa nane. Nguvu za Babu hazirudi kwa sababu hapumziki. Gemu limeweka alama nyekundu kwenye jina lake. Naijua maana yake na bado nimempanga.

Mama Hadija kachungulia begani. Kasema, "Mwanamke, mzee anakufa golini kwa heshima zako hizo."

Nimekasirika. Nimekwenda kuchambua mlenda.

Jumatano, 13 Agosti
Nimemtoa.

Asubuhi, baada ya kumwogesha Nyemo. Nimesema "samahani, baba" kwa sauti kabisa, nikabonyeza. Jina la Babu likashuka benchi, la Mgeni likapanda. Hakuna kilichotokea. Kuku waliendelea kuparua. Nilikuwa nasubiri sijui nini.

Mchana tumeshinda tatu mbili.

Nimepiga kelele. Mama Hadija kaja mbio na mwiko akidhani nyoka. Nyemo kapiga makofi bila kujua. Mboga imeungua, tumeila hivyo hivyo.

Ijumaa, 15 Agosti
Tumeshinda tena. Sijafurahi sana.

Nyemo hajaomba ziwa leo. Uji asubuhi, ugali mchana, kalala, kaamka, kaenda kucheza na visoda vyake uani. Nimemwita mwenyewe nimpe. Kasema "hapana". Kanikimbia huku anacheka. Sijapaka shubiri. Kaacha mwenyewe.

Wenzangu wanasumbuka mwezi mzima. Mimi wangu kaacha siku ambayo nilimhitaji asiache.

Maziwa yamejaa, yanauma. Baba Nyemo kaja na kabegi kadogo ka pinki kwa ajili ya safari ya mtoto. Kakaweka kitandani. Sijakagusa.

Jumapili, 17 Agosti
Naandika yote, nisije nikasahau yalivyokwenda.

Babu kafika tumetoka kanisani. Koti lake la sikukuu, ndoo ya zabibu, jogoo kafungwa miguu. Nimepiga magoti, shikamoo baba. Kaitika, kamnyanyua Nyemo, kamnusa kichwani. Kakonda. Kola ya shati haijanyooshwa, zamani bibi asingekubali.

Tumekula. Kauliza kama mtoto kaacha ziwa. Baba Nyemo kasema kaacha. Kabegi kako pale mlangoni, Baba Nyemo ndiye kakapanga. Mimi natazama sahani.

Basi simu ikalia. Ni gemu, mechi imeanza. Nyemo kaidaka kaipeleka kwa babu yake, yeye kila kinacholia anampa mgeni. Babu kauliza ni nini. Baba Nyemo, mdomo wake haujawahi kuwa na kufuli, kasema, "Baba, mkweo ana timu. Na wewe ndiye kipa wake."

Mzee kafurahi! Kavaa miwani. Kauliza kipa ni yupi, kaelezwa ndiye mwenye mlango. Kasema hapo sawa, amepewa kazi ya mtu mzima. Nilitamani nife. Kasoma pole pole na kidole. Halafu kidole kikasimama.

"Mbona mimi niko huku chini?"

Baba Nyemo katazama bati. Mama Hadija, aliyekuwa anafua nje ya mlango wetu tangu mzee afike, kaacha kufua.

Nilikuwa bado chini kwenye mkeka. Nikasema, "Umechoka, baba."

"Nani kanichosha?"

"Mimi. Nilikupanga kila siku. Uliishiwa nguvu na sikukutoa, niliogopa."

"Uliogopa simu?"

"Nilikuogopa wewe, baba."

Nikaona nikinyamaza hapa sitasema tena maisha yangu yote. Nikasema, "Na la Nyemo pia nimeogopa. Nilisema sawa, baba, haikuwa sawa. Sitaki aende. Nataka alale hapa kwangu."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mzee huyu tangu niolewe.

Babu kachukua zabibu, katafuna. Kachukua nyingine. Baba Nyemo kafungua mdomo, mzee kamwonyesha kiganja, akafunga.

Halafu kauliza huyo aliye golini ni mtoto wa nani. Nikasema ni mgeni tu. Kauliza kama anadaka. Nikasema anadaka.

"Basi mwache hapo."

Katazama simu kidogo. Kavua miwani. Kasema, "Mkwe wangu, mimi simchukui mtoto kwa ubaya. Nyumba ile imenyamaza. Naamka, nasikia kuku tu."

Nikalia. Na yeye macho yalilowa, akajifanya anatoa mbegu ya zabibu kwenye jino.

Baba Nyemo ndipo kapata akili, kasema mavuno yameanza, mikono inahitajika. Mama Nyemo na mtoto waje siku kadhaa wachume, halafu warudi. Na mvua zikifika waje tena. Babu kafikiri. Kasema, "Waje wote wawili. Na jogoo mchinje, sirudi naye."

Nje ile ndoo ya Mama Hadija imeanza tena kusikika.

Tumefungwa nne tatu. Hakuna aliyejali.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimelala kama mtu aliyepigwa. Maziwa yamepungua. Baba Nyemo kaosha vyombo vya jana bila kuambiwa, kasema ameona haya kuniacha niseme peke yangu mbele ya baba yake. Nimemwekea chai.

Jumatano, 20 Agosti
Babu kapiga simu. Si kwa mwanawe. Kapiga kwangu. Kauliza hali ya mtoto, hali ya upepo, halafu kakohoa.

"Leo nimedaka?"

Nikasema bado anapumzika, baba, mstari unapanda. Kasema sawa, ila asisahauliwe.

Jumapili, 24 Agosti
Tumetoka mwisho. Kuna timu mbili chini yetu sasa! Mama Hadija wa kwenye simu kafunga goli, nimemwambia mwenyewe, kasema alijua siku nyingi kwamba wanamchezesha nafasi isiyo yake. Kesho nafungasha.

Jumamosi, 30 Agosti
Hombolo. Tumechuma tangu asubuhi, vidole vyangu vinanata. Nyemo anakula nyingi kuliko anazoweka kwenye ndoo, mashavu yote ya zambarau. Babu hamkatazi.

Mtandao unashika ukisimama kando ya tenki. Leo tulicheza na ile timu ya mwisho kabisa. Mstari wa Babu umejaa, kijani kitupu. Nikampanga. Nimemwambia asubuhi, kaenda shambani kanyooka.

Jioni kanikuta kando ya tenki, kasimama nyuma yangu, hajauliza. Tumeshinda sita tano. Hizo tano zote zimempita yeye. Nimemwambia hivyo hivyo, bila kupunguza.

Kafikiri. Kasema barafu ya leo ilikuwa mbaya.

Kesho namrudisha benchi, nimemwambia na hilo. Kaitikia kwa kichwa. Sasa amekaa kibarazani, Nyemo kalala miguuni kwake mdomo wazi, na yeye hataki kujinyoosha asije akamwamsha. Kuku wameingia bandani.

Jumanne tunarudi nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Kikuyu. Kabegi ka pinki kako mlangoni, nguo za Nyemo na zangu humo humo.