Mama Yumo Garini, Paa Liko Wazi

Mama Watoto,

Mto wa kochi nimeuchukua mimi, usiwagombeze watoto. Nimemwekea Mama mgongoni, maana kiti cha lile gari langu kuukuu kiko chini mno. Nimemfunga kitambaa kichwani na blanketi magotini, na vioo nimevipandisha upepo usimpige. Dawa zake ninazo. Chai iko kwenye chupa.

Najua ulisema gari lisilo na paa si la mgonjwa. Asubuhi nilitaka tu akae ndani yake hapo uani, aote jua kidogo. Nikamkalisha, nikamwingizia miguu yote miwili pamoja, polepole. Akainua uso, akakazia macho juu hata nikaogopa.

“Mama, unaumwa?”

“Hapana, mwanangu. Tangu niugue naona mbingu ya dirishani tu. Nilishasahau kwamba ni kubwa hivi.”

Nikatazama juu nami. Miaka yote nimeendesha gari hili bila kuinua macho.

Sasa anataka twende barabarani. ~~Tutarudi saa sita.~~ Tutarudi atakaposema yeye.

Naandika mbiombio kwa sababu ananipigia honi. Mama yuleyule ambaye jana kikombe kilimshinda kushika.

Baba Watoto