Kicheche Mkia Chini

Dida, mwana wa dada yangu,

Salaam aleikum, na Mungu akupanulie hapo ulipolala. Ni mimi Abuya wako, ndugu wa mama yako, yule uliyesema hawezi kukaa chini hata chai yake ipoe. Bado siwezi. Nimeandika mistari hii miwili, nimesimama, nimezunguka nyumba, nimemfukuza kuku ambaye hakunikosea kitu, ndiyo nimerudi.

Unajua nilikuwa Oldonyiro kwenye mnada wa mifugo homa ilipokuchukua. Habari ilinifikia asubuhi. Nikapanda lori la mbuzi, nikasimama njia nzima katikati ya pembe, na dereva nilimkemea mpaka akaendesha kama anayefukuzwa na simba. Nilipofika makaburini mchanga ulikuwa tayari umemwagiwa maji. Sisi hatuchelewi kuzika, najua. Mimi mwenyewe nimewahimiza watu wengi, harakisheni, harakisheni. Lakini tangu siku hiyo miguu yangu ni kama bado iko juu ya lile lori.

Sasa sikia habari ya kamera yako.

Mama yako aliifunga kwenye leso pamoja na ile lenzi ndefu, ile ambayo mji mzima tuliita bomba. Akaisukuma chini ya kitanda. Lakini kila akifagia, ufagio unaigonga. Mwishowe akaniita. "Wario, mtafute yule mtu wa Meru mwenye studio aichukue. Siwezi kuzika mtoto halafu nilale juu ya jicho lake."

Nikamwambia ngoja. Ngoja ya nini, sikujua. Mdomo wangu ukajisemea wenyewe: kuna picha moja ya kicheche, mkia chini, Dida aliitaka na hakuipata, nitaipiga mimi, kisha uuze.

"Wewe?" akasema. "Wewe unyamaze porini?" Akacheka, Dida. Hajacheka tangu uondoke. Halafu akaninyooshea kidole. "Nikiona mkia juu, kamera inakwenda Meru siku hiyo hiyo."

Hapo nikashikwa. Maana vicheche wako wote ulionionyesha pichani, wale weusi wadogo wenye mistari myeupe mgongoni, walikuwa mkia juu, manyoya yamesimama, tayari kutumwagia ile dawa yao ya uvundo. Na kila mara uliniambia, "Mkia ukipanda, Abuya, tumepiga picha ya hasira, si ya mnyama. Tukae mbali. Lenzi ndiyo itembee." Mimi nikajibu kwamba mwanamume hupiga picha akiwa karibu. Wewe ukacheka tu, ukaanza kufuta kioo na shati.

Basi nikaenda Burat, kwenye lile boma lililohamwa nyuma ya mashamba, ambapo samadi ni ya zamani na mende wamejaa. Bomba nililibeba wazi mikononi, jinsi ulivyonifunza, kwa sababu likifungwa kitambaa linafanana na bunduki, na watu wa huku hawangoji kuuliza. Mvua ilikuwa imenyesha. Ulisema siku kama hiyo kicheche hutoka mapema, mwanga ukiwa bado upo. Na kweli alitoka. Nikamwona, na badala ya kubonyeza kitufe nikasema kwa sauti, "Dida, huyo!" Halafu nikasogea, kidogo tu, ili nimwone vizuri.

Harufu ile! Wallahi, ngamia wa Ngaremara walikataa maji. Ndege waliokuwa wakipita juu waligeuza njia. Hotelini wakaniambia, "Mzee Wario, chai yako kunywa huko nje, na kikombe uende nacho." Picha ilipooshwa ilikuwa ni mkia mtupu, umejaa karatasi nzima. Sikumpelekea mama yako. Nilimwambia filamu ilichomwa na jua.

Mke wangu alichukua koti langu akalifunika juu ya moshi, vile vile wanavyofukiza vibuyu vya maziwa, kwa kuni zile zile. Uvundo ukatoka, nikabaki nanukia kibuyu. Nikajiona mjanja. Nikafikiri, sasa kicheche hatajua kama mimi ni mtu. Nikarudi Burat.

Kicheche sijui. Lakini pale kuna mwanambuzi aliyefiwa na mama yake, ananyweshwa maziwa kwa kibuyu. Mbuzi wakipita kurudi nyumbani, yeye akanusa, akaacha wenzake, akanijia mbio. Akanyonya pindo la koti mpaka likalowa. Alipoona halitoi kitu akalala juu ya miguu yangu, akapumua. Nikijaribu kusogea anaanza kulia. Na akilia, kicheche hatoki.

Ikabidi nikae.

Dida, nilikaa. Sikuwa nimekaa tangu Oldonyiro. Na nilipokaa, ikaja yote, wewe na mabega yako membamba yamejikunja nyuma ya lile bomba, na mimi nikibwabwaja kando yako. Sitaandika zaidi hapo. Machozi yalinitoka, na hata kuyafuta sikuweza, kwa sababu ya mbuzi.

Ndiyo kicheche akatoka. Akachimbua mende mmoja, akala, akachimbua mwingine. Mkia unaburuta chini kama ufagio. Nikabonyeza.

Hotelini wanasema ni samadi yenye mistari. Nimewaambia alikuwa mkubwa kama mbwa, ni bomba ndilo limempunguza. Lakini mama yako aliipeleka picha mlangoni penye mwanga, akaitazama mpaka nikaanza kuzunguka uani.

"Ulikuwa wapi wewe?"

Nikamwonyesha kwa mkono, mbali, kama kutoka pale mlangoni mpaka msikitini.

"Na hakujua?"

"Hakujua kitu."

Halafu akasema polepole, kama haniambii mimi, "Kumbe mtu anaweza kutazamwa hivi, na asijue."

Akaingia ndani. Nikasikia leso inafunguliwa. Kamera sasa iko juu ya meza, kwenye kitambaa alichokifuma mwenyewe, na habari ya Meru hajaitaja tena. Jana aliniuliza kama njia ya Burat inafaa kwa magoti yake.

Kwaheri, mwanangu. Mungu akutie nuru huko. Mvua zikirudi nitampeleka, hii ni ahadi na nimeiandika. Nitabeba kigoda chake na bomba lako, nitajaza miraa mashavu yote mawili ili mdomo ukose nafasi. Nitalilenga, nitajitoa, nitampisha. Kitufe atabonyeza yeye.

Abuya wako,
Wario