Projekta ya Tlawi

Baraka mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye joto? Huku Tlawi ukungu unaingia mpaka darasani. Kwenye kompyuta ya shule nimesasisha ule mfumo huria unaousifia, mnaoutengeneza bure wewe na wenzako, na sasa projekta haionyeshi kitu. Mafundi wenu waligombania njia mbili za kuonyesha picha, wakaitupa ya zamani ili madirisha yateleze vizuri kwenye skrini zao za bei mbaya. Projekta kuukuu iliyotegemea hiyo ya zamani nani aikumbuke.

Mwalimu Paskalina, mwenyeji wangu, aliuliza kwa upole, "Hao wenzenu wanamfanyia nani kazi?" Akachukua chaki, akachora skrini nzima ubaoni na vitufe vyake, akafundisha. Haikuganda hata mara moja.

Nakuletea asali ya Yaeda Chini. Ule, unyamaze kidogo.

Dada yako akupendaye,
Rehema