Kombe la Mzee Bakari

Bibi, shikamoo kutoka Nguvumali, hapa Tanga, ambako jua linakaanga hata kivuli.

Kwa utafiti wangu, nilianika dirishani chupa mbili za maji ya bahari, zenye vile vijimea visivyoonekana vinavyojipikia chakula kwa jua. Moja niliitilia chembe za mbolea, ikawa kijani na kutoa vipovu. Nyingine niliinyima, ikabaki imepauka juani hapo hapo.

Mwenye nyumba wangu, Mzee Bakari, akadhani ile ya kijani ni kombe la dawa, maji yaliyooshea aya nilizoandikiwa na shehe. Akasema bismillahi, akainywa yote kwa ajili ya magoti yake. "Chumvi imezidi, mwanangu, lakini ngazi napanda!"

Leo kaionja ya pili, kaitema: "Hii haina nguvu!"

Hayo ndiyo matokeo niliyoyafuata Tanga, bibi. Wewe kanda magoti yako kwa mafuta ya nazi. Nakupenda, ila chupa sikuletei hata ukinibembeleza.

Mjukuu wako, Zuhura