Wageni wa Angani Waliofika Bigwa

Mama Salma, mke wangu,

Jana nililifungua tena banda letu la video hapa Mafiga. Tangu tukuzike sikuwa na moyo wa kuingia mle. Nikakaa kwenye kiti chako pembeni ya runinga, nikashika maiki, nikajaribu kutafsiri filamu kama ulivyokuwa ukifanya. Watu walinivumilia kidogo, kisha wakacheka. Eti nilimfanya mfalme wa maroboti aongee kama mtu anayeomba radhi. Nikacheka nao. Halafu nikatoka nje, nikalia.

Wewe ulijua kuwapa sauti. Filamu za angani, ulikuwa ukiniambia, ni habari zetu wenyewe zilizovalishwa nguo za chuma. "Hawa hawajatoka mbali, Baba Salma. Ni majirani." Nilidhani unatania, mpaka siku ya ile filamu ya wageni walioshuka kutoka kwenye nyota wakauzungushia mto ukuta.

Kule kwenu Bigwa, yule bwana mwenye nyumba kubwa alikuwa ameshaweka uzio kwenye chemchemi na kuvuta bomba hadi kwenye bustani yake. Dada zako wakawa wanapanda mlima kutafuta maji. Nawe ukawapa wale wageni wa angani sauti ya bwana yule: upole ule, "ndugu zangu" kila baada ya maneno mawili, na maendeleo yanayokuja kesho. Hukumtaja jina. Banda zima likacheka. Filamu ilipoisha hakuna aliyenyanyuka. Shangazi yako, aliyekuwa ameshuka kututembelea, akasema taratibu, "Wa kwenye filamu tunawalaani. Huyu wetu tunampa shikamoo."

Mwenyekiti wa mtaa alipokuita kukuuliza wale viumbe ni akina nani, niliogopa banda litafungwa. Ulirudi unatabasamu. Ulimjibu kwamba wewe unatafsiri tu, na aliyemtambua mtu mle ndani basi anamjua mwenyewe. Jumamosi ukaionyesha tena filamu ile, na watu wa Bigwa wakashuka kwa makundi.

Kisha ukaugua, na yaliyofuata hukuyaona. Ngoja nikwambie. Shangazi na wenzake walikwenda kwenye mkutano wa Bigwa, wakaidai chemchemi mbele ya yule bwana mwenyewe. Akasimama kuwajibu kwa upole wake. Aliposema tu "ndugu zangu", kina mama wakaangua kicheko, na kila alipoanza upya wakacheka tena, mpaka akaketi. Uzio umeondolewa, mke wangu. Dada zako wanachota palepale ulipochota ukiwa msichana. Ningetoa chochote ili ukaone.

Salma amehamia kwetu na mumewe kutoka Gairo. Kuanzia wiki ijayo maiki ni yake. Anafanya mazoezi jikoni huku anasonga ugali, na akiunguruma kama zimwi nasahau, nageuka kukutafuta.

Lakini bomba la yule bwana bado lipo, na kiangazi hiki nyumba za Bigwa ya chini hazipati maji. Mkutano mwingine umeitishwa Alhamisi. Miaka yote nimekuachia wewe maneno. Safari hii nakuahidi nitasimama niseme, hata kama nitatetemeka.

Pumzika, mpenzi wangu. Ijumaa tutakuja kukusomea dua, nami nitakwambia nilisema nini.

Mumeo,
Baba Salma